Fundi Bashiri Anasema

Songwa, 3 Februari 2025

Monika mwanangu,

Salamu zako nimezipata na nimezijibu moyoni, kwa hiyo tusimalize karatasi. Naandika kwa sababu simu siiwezi. Jumapili uliponipigia nilisikia neno moja tu, "baba", na hilo nilikuwa nalijua siku nyingi. Masikio yangu nayo yamestaafu. Siwezi kumpa jirani yangu Onesmo anisikilizie, maana Onesmo akisikia jambo saa mbili, saa tatu linajulikana mpaka Maganzo. Barua atakuletea Pantaleo, dereva wa basi la Chato. Nilimfundisha hesabu darasa la nne na mpaka leo ananiogopa, haitapotea.

Sasa jiko lako la gesi, hili ulilonitumia Krismasi. Wiki tano lilikuwa na adabu. Sasa limeanza utovu wa nidhamu. Elieth, mtoto wa shangazi yako, ndiye anayenipikia kama unavyojua, na anasema akizungusha swichi jiko linalia ta, ta, ta, lakini cheche haitoki. Akiwasha kwa kiberiti, plate ya kushoto inashika, moto unarukia upande mmoja, kisha unazimika. Ya kulia inawaka vizuri mpaka upepo upite. Juzi uji ulifurika, na Elieth akalimwagia jiko zima maji ya ndoo kana kwamba anaosha sufuria. Nimemkanya.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba gesi ikitoka bila moto, wanasema inapiga mluzi. Mimi mluzi huo siusikii. Nabaki kunusa. Nimenusa siku nzima mpaka kuku wananishangaa.

Unajua kwa nini silitupi. Mama yako alikohoa moshi wa kuni miaka kumi na mitano, na siku jiko lilipofika uliniandikia kwamba moshi katika nyumba ile umekwisha. Nataka iwe kweli. Huko ofisini kwenu mgodini hawakosi mafundi. Waulize, unijibu upesi.

Elieth anakusalimu.

Baba yako,
Mwl. Raphael Mageni


Buseresere, 7 Februari 2025

Baba mpendwa, shikamoo.

Pantaleo alinikabidhi barua kwa mikono miwili, kama daftari analopeleka kusahihishwa. Hapa Buseresere, kwenye tawi walikonihamishia, faili ziko juu ya faili, lakini nimepata mtu wa kumuuliza. Jirani na ofisi yetu kuna duka la mitungi, na hapo yupo fundi anaitwa Bashiri. Nimemsomea barua yako yote, isipokuwa ile habari ya kuku.

Fundi Bashiri anasema kosa ni maji. Kabla ya yote Elieth afunge gesi kwenye mtungi, siyo kwenye swichi peke yake. Aondoe zile kofia za plate azianike juani mpaka zikauke kabisa. Pembeni ya kila plate kuna kisindano cheupe, cheche inatoka hapo. Kikilowa au kikishika mafuta, kitalia tu bila cheche. Akifute kwa kitambaa kikavu, polepole, kinavunjika. Vitundu vya moto avizibue kwa pini. Asitumie njiti, itakatikia ndani. Kofia anapoirudisha ikae sawasawa isicheze, maana ikikaa upande moto unaruka hivyo hivyo ulivyoeleza.

Kuhusu mluzi, Bashiri anasema tumia povu la sabuni. Apake kwenye mpira wote na pale unapoungana na mtungi. Mapovu yakianza kuvimba, gesi inavuja. Kwa hilo macho yanatosha, Baba, masikio yapumzike. Na akisikia harufu asiwashe chochote.

Suala la upepo ni dogo. Anasema jiko likingwe upepo, basi.

Nijibu hata kwa mistari miwili. Tangu juzi situlii, kila nikisikia honi ya basi natoka nje.

Mwanao,
Monika


Songwa, 13 Februari 2025

Monika,

Marahaba. Mwambie Fundi Bashiri nimempa sabini kwa mia. Cheche imerudi, plate zote mbili zinashika, na povu tumelitazama dakika tano halikuvimba. Upepo tumeukomesha kabisa. Nimewasha mshumaa karibu na jiko kuhakikisha, na mwali haukutikisika hata kidogo.

Alama thelathini nimemkata kwa sababu ya rangi. Moto sasa ni wa njano, na sufuria zinatoka nyeusi. Ile kubwa ya mama yako yenye masikio mawili imekuwa kama ilivyokuwa wakati wa kuni. Nimeisugua kwa majivu na mchanga ikang'aa, kesho yake ikawa vile vile. Nilikaa nayo mapajani nikaitazama muda mrefu na roho iliniuma. Nilidhani mambo hayo tumemaliza.

Mimi sijambo, ila mchana kichwa kinanigonga. Nadhani ni miwani mipya. Nikitoka uani nikazunguka zunguka kinaachia, nikirudi kinaanza tena. Siwezi kukaa mahali pamoja siku hizi, hata gazeti nalisoma nikitembea.

Jambo la mwisho. Katika barua ya kurasa mbili umemtaja huyu Bashiri mara tatu, nimehesabu. Karani wa mgodi anapata wapi muda wa kukaa na fundi wa majiko mpaka ajue visindano vyeupe? Ana mke? Wazazi wake ni watu wa wapi? Sikatazi kitu, nauliza tu kama mzazi.

Baba yako,
Mwl. R. Mageni


Buseresere, 17 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Bashiri ana wake wawili na wajukuu, na wote wanamtosha. Tafadhali tuendelee na jiko.

Moto wa njano sipendi kuusikia. Fundi anasema moto wa gesi mzuri ni wa bluu. Ukiwa wa njano na unapaka masizi, gesi haipati hewa ya kutosha. Mara nyingi ni uchafu. Elieth afunge mtungi, aligeuze jiko, atazame chini ya kila plate kwenye kile kibomba cha kuingizia hewa. Buibui wanapenda kukaa humo, utando wao ni mwembamba lakini unaziba. Nimempa Pantaleo brashi ndogo ya waya pamoja na mpira mpya wa gesi, ingawa wa zamani hauna kosa. Nimeona bora ubadilishwe.

Kisha nataka unijibu mambo mawili. Jiko liko wapi hasa? Bado liko kwenye kile kibanda cha jikoni, ambacho ukuta wake haufiki juu? La pili, naomba Elieth aniandikie mwenyewe namna moto unavyokuwa tangu anapouwasha mpaka anapouzima. Anaandika vizuri, ulimfundisha mwenyewe.

Na hicho kichwa, Baba, nenda zahanati wakupime. Usiisingizie miwani.

Monika


Songwa, 22 Februari 2025

Monika,

Hamsini kwa mia, na hapo nimemhurumia.

Jiko limegeuzwa. Buibui alikuwemo kweli, katika kibomba cha kulia, na familia yake. Brashi imepita kila mahali. Nikakaa kushuhudia. Moto ukawaka bluu safi, nikafurahi mpaka nikaita "haya!" peke yangu. Baada ya dakika kumi ncha zikageuka njano. Dakika tano nyingine, moto wote njano, umelegea, unapepea kama kitambaa. Ukizimwa, mtu akatoka nje akapunga hewa kidogo, akarudi kuuwasha, unaanza bluu upya, kisha ule ule mchezo. Jiko gani hili linalofanya kazi kwa zamu? Mwambie fundi wako aache kubahatisha.

Umeuliza jiko liko wapi. Liko mahali pazuri pasipo na upepo, kama alivyoagiza. Elieth hana nafasi ya kuandika barua, ana kazi nyingi.

Nyumba imekosa utulivu wiki hii. Tetea wangu ana vifaranga kumi na mmoja, kikapu chao nimekisogeza karibu na jiko wapate joto kwa sababu ya mvua. Tangu Jumatatu wamekufa wanne. Onesmo anasema ni mdondo. Lakini kuku wa nje wote wazima, na mdondo hauchagui hivyo. Na mimi juzi mchana nilisinzia juu ya gunia nikingojea maharage, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Nilipoamka miguu ilikuwa kama si yangu. Nilitambaa mpaka mlangoni. Nakuambia kwa sababu umezoea kunilaumu kwamba nakuficha mambo.

Zahanati nitakwenda wiki ijayo.

Baba yako,
R. M.


Buseresere, 25 Februari 2025

Baba,

Naandika kwa sababu nikiacha mikono bure nitapiga kelele sokoni. Simu ipo mezani mbele yangu. Basi limeshaondoka asubuhi, la kesho ni saa kumi na mbili.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye vifaranga nikakaa chini. Karatasi ina alama ya vidole, na vidole hivyo vina unga. Kabla sijamaliza kuwaza, Elieth akanipigia. Yuko Ushirombo, Baba. Ameolewa huko, yuko tangu mwanzoni mwa Januari, na wewe mjomba wake ulimwomba asiniambie. Alikuwa anaulizia jiko la kununua.

Hakuna Elieth hapo. Unapika mwenyewe. Na vifaranga nyumbani kwetu hukaa stoo, mama aliwaweka hapo miaka yote, kwa hiyo jiko liko stoo. Umefunga mlango, umefunga dirisha, na nakujua, umeziba hata uwazi wa chini ya mlango kwa viroba, harufu ya kitunguu isimfikie Onesmo akasema Mwalimu Mageni, mwanamume mzima, anashika mwiko. Mimi nikakuandikia jiko likingwe upepo. Nimekupa ruhusa ya kujifungia kwa mkono wangu.

Moto unakula hewa ya chumba ile ile unayovuta wewe. Ikipungua, moto unakuwa njano na unatoa sumu isiyo na harufu yoyote, kwa hiyo hata pua yako haiwezi kukusaidia. Mwezi wa kumi na moja, kule maduarani wanakochimba dhahabu, mama ntilie mmoja alishusha turubai pande zote kwa ajili ya mvua akichemsha maharage. Nililetewa jiko lake nilikague. Jiko lilikuwa zima. Yeye hakuamka.

Nimempigia Onesmo. Nimemwambia avunje.

*

Saa nane na nusu. Onesmo amepiga. Amesema umetoka hai, uko uani umeegemea ukuta, unatapika, na umewafukuza wanawake wote waliokuja na maji. Nikasema napanda basi la kesho. Akakuandikia chini ukasoma, kisha akaniambia jibu lako: nisikanyage hapo.

Sawa. Basi nimalize, kwa sababu umeshanikasirikia na zaidi ya hapo hakuna.

Umeona nilivyoandika hapo juu, nililetewa jiko nilikague. Bashiri yupo, lakini yeye anauza mitungi tu, cheche na buibui havijui. Fundi ni mimi. Mkataba wa ofisini uliisha Agosti na hawakuuendeleza. Nina meza, bisibisi, pini na kiti cha plastiki mbele ya duka lake, natengeneza majiko ya mama ntilie na ya wake za wachimbaji. Sikukuambia kwa sababu uliuza ng'ombe nisome, na kanisani umewaambia watu wote kwamba mwanao ni karani wa mgodi.

Unakumbuka nikiwa darasa la tatu, mama alipolazwa? Ulipika wiki tatu mlango ukiwa umefungwa, chakula kilikuwa kitamu, na kila asubuhi uliniambia nikiulizwa niseme kapika shangazi. Nilisema. Nilikuwa najivunia wewe na nilisema uongo. Nimeendelea hivyo hivyo mpaka leo.

Nimekosa, Baba. Lakini Onesmo akiniuliza kama avunje tena, nitamwambia avunje.

Monika


Songwa, 27 Februari 2025

Monika,

Dirisha limevunjwa, fremu na kioo. Watu kumi na wanane wamenitazama. Usije.

Mageni


Buseresere, 1 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Sitakuja mpaka uniite. Nakuomba kitu kimoja tu, usiliwashe ndani. Rudi kwenye kuni ukitaka, kula michembe mikavu ya viazi ukitaka, lakini usiliwashe ndani. Pantaleo nimemwambia apunguze mwendo akipita Maganzo, aulize watu kama wamekuona. Leo amesema wamekuona ukitembea. Ni hilo tu ninaloishi nalo wiki hii.

Monika


Songwa, 6 Machi 2025

Kwa Fundi Monika Mageni,
Mbele ya Duka la Bashiri,
Buseresere.

Fundi,

Barua hii nimeichana mara tano. Leo naiandika barazani, kwenye hewa, ili nisipate kisingizio.

Nianze na siku ile, maana hujui. Onesmo aligonga mlango mpaka mkono ukavimba na mimi sikusikia. Niliona vumbi likidondoka kutoka darini nikadhani panya. Nilikuwa nimeketi chini na mwiko mkononi, maji ya ugali yanachemka, moto njano kabisa. Niliona kabisa kwamba ni njano. Nilijiambia nitainuka nikishasonga. Nikauamuru mkono uache mwiko, mkono ukakataa. Kisha mwanga ukaingia pamoja na vioo na jembe la Onesmo.

Wakanibeba nje mbele ya watu wote. Nilikuwa nimejifunga kanga ya mama yako kiunoni, ile ya kijani, na unga mpaka kwenye nyusi. Monika, nilitamani wanirudishe ndani. Nakuandikia hili kwa sababu ni kweli na linanitisha. Mwanamume mwenye akili timamu, aliyefundisha miaka thelathini na minne, aliona bora afe kuliko kuonekana na mwiko.

Siku tatu sikutoka nje ya ua. Ya nne Onesmo alikuja. Nilingojea acheke, hakucheka. Aliniandikia kwenye daftari langu, kwa herufi mbaya sana, kwamba mke wake akienda kwao Kishapu yeye hula michembe mikavu wiki nzima, kwa sababu anaogopa mimi nitamwona akiwasha moto. Mimi! Miaka yote tumeishi tukitenganishwa na ua wa minyaa, tunaogopana.

Siku iliyofuata nikalitoa jiko barazani. Watu wanapita, wananisalimu mwangaluka, wanachungulia sufuria. Wengine wanacheka. Mmoja aliuliza nani amenioa, nikamjibu bado nachagua. Jana tulipopakwa majivu kanisani, mama mmoja alisema mbona Mwalimu anayo tayari kila siku. Nimezoea kuliko nilivyodhani. Kichwa hakiniumi tena, na vifaranga saba waliobaki wanakua. Miwani haikuwa na kosa lolote, nimeiomba radhi.

Kilichonifanya nichane barua mara tano si dirisha. Ni ile habari ya darasa la tatu. Nilikufundisha kusoma, kuandika na kudanganya, na yote matatu ulifaulu vizuri. La tatu nalifuta leo. Jumapili baada ya misa nilisimama na wazee wenzangu nikawaambia mwanangu si karani, ni fundi wa majiko ya gesi, na kwamba niko hai kwa ajili ya ufundi wake. Mzee mmoja akaanza kunipa pole. Nikamwambia pole akampe mwingine huko, mimi nimepewa mtoto. Nisamehe, Monika, kwa miaka uliyobeba uongo wangu pamoja na wa kwako.

Nilikukataza usije. Njoo Jumamosi na bisibisi yako. Mke wa Onesmo ana jiko lililokataa kuwaka tangu Pasaka ya mwaka jana, wamelifunika kitambaa wanaweka redio juu yake, anakungojea kama mganga. Mimi nitasonga ugali na kupika mboga ya nsansa kwa karanga, nje, watu wakipita.

Tatizo ni kwamba hapa barazani upepo umerudi. Plate ya kushoto inazimika kila saa, na humo ndani sirudi. Bashiri nimemfukuza darasani.

Fundi anasema nini?

Baba yako,
Raphael Mageni, mpishi